Nusu Marathoni Kasese: Namna ya Kupanga Wikendi Nzima, Kutoka Kampala Hadi Kurudi

Nusu marathoni ni kilomita 21.1. Kutoka Kampala hadi Kasese, magharibi mwa Uganda, kwa njia ya Fort Portal, kisha kurudi kwa njia ya Mbarara, ni kama kilomita 800. Watu wengi hujiandaa kwa zile 21 na kuziacha zile 800 zijipange zenyewe. Wanafika usiku wa manane, wanalala gesti inayopiga muziki mpaka alfajiri, au wanashinda mbugani Ijumaa kutwa wakitafuta simba, halafu Jumamosi wanashangaa miguu imekuwa mizito kilomita ya nane.

Mwongozo huu ni wa mtu wa kawaida mwenye kazi na familia, anayekimbia nusu marathoni kwa saa mbili na ushee, na anayetaka kuiona nchi pia. Utaratibu wake mzima unategemea jambo moja: raha zote zikae baada ya mbio. Kabla ya mbio, kula, kulala na kutembea kuwe kwa kawaida kabisa, hata kama wenzako watakuona mtu usiye na shamrashamra.

Kwa nini Kasese

Mbio ninazozizungumzia ni Rwenzori Marathon, zilizoanza mwaka 2022 kwa juhudi za Amos Wekesa, mfanyabiashara wa utalii. Zina umbali wa kilomita 42, 21, 10 na 5, na zinakimbiwa Kasese chini ya milima ya Rwenzori. Miaka hii zimekuwa zikifanyika Jumamosi, mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba. Hiyo Jumamosi ni neema. Mbio zikiwa Jumapili unamaliza, unaoga, unapanda gari, hukuona kitu. Zikiwa Jumamosi unabaki na alasiri ya kupumzika na Jumapili ya kutembea.

Kwa msemaji wa Kiswahili kuna faida nyingine. Kasese iko karibu na mpaka wa Mpondwe, na biashara na Kongo imekifanya Kiswahili kuwa cha sokoni na cha stendi. Utanunua ndizi, utapatana na bodaboda na utauliza njia bila kubabaika, ingawa Kiswahili utakachojibiwa kinaweza kuwa na ladha ya Butembo. Mtu akikusaidia, mwambie "wasingya", yaani asante kwa Lukonzo, lugha ya wenyeji, uone uso unavyofunguka.

Ila usidhani mji ulio chini ya milima yenye theluji lazima uwe na baridi. Kilele cha Margherita kina mita 5,109, lakini Kasese yenyewe iko bondeni, karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Ni chini kuliko Kampala, na joto lake ni kali zaidi. Anayetoka Nairobi atapata hewa nzito ya kutosha mapafu lakini atateswa na jua. Anayetoka Mombasa au Dar analijua joto, ila huenda akahema zaidi kidogo kuliko alivyozoea kwao. Anayetoka Kampala hudhani yuko nyumbani, na mara nyingi huyo ndiye anayekosea kasi.

Miezi mitatu kabla: chumba kwanza

Siku unayojisajili ndiyo siku ya kutafuta chumba, na ukinibana nichague kimoja kitangulie, nitasema chumba. Nafasi ya kukimbia hulipiwa kwa simu dakika chache. Vyumba vya Kasese wikendi ile huisha mapema kwa sababu mji si mkubwa na wakimbiaji huja na ndugu na marafiki. Ukichelewa utajikuta umelala Fort Portal, kilomita 75 hivi kutoka Kasese, na kulazimika kuamka saa nane usiku. Hima iko karibu zaidi, kwenye barabara hiyohiyo ya Fort Portal. Upande wa kusini kuna malazi Katunguru, lakini barabara inapita ndani ya hifadhi, na tembo hawana ratiba ya mbio.

Usichukue chumba kwa kutazama picha. Piga simu, zungumza na aliye mapokezi, umuulize haya: kutoka hapo hadi mstari wa kuanzia ni mwendo wa dakika ngapi kwa miguu? Wikendi hiyo kutakuwa na muziki uani au baa jirani? Kitanda kina chandarua? Maji ya moto yanapatikana saa kumi na moja alfajiri? Na la mwisho, ambalo watu husahau: kuna chumba cha chini? Ghorofa ya tatu ni nzuri Ijumaa ukiwa unatazama milima. Jumamosi saa tano asubuhi, baada ya kilomita 21, kila ngazi utaihesabu. Lipia usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi, na uombe uthibitisho wa maandishi kwa ujumbe wa simu. "Njoo tu, mzee, utapata" si uthibitisho.

Kuhusu bajeti, mafuta ya gari yanakadirika kirahisi: kilomita 800 kwa gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita ni lita 80, na kidogo zaidi ukiingia mbugani. Zidisha kwa bei ya siku, gawanya kwa idadi yenu. Watu wanne kwenye gari moja ndiyo hesabu inayopendeza. Watano hapana, maana wa katikati kule nyuma atafika na kiuno kilichopinda.

Mazoezi, kwa ufupi lakini bila mchezo

Mwenye uwezo wa kukimbia kilomita 8 bila kusimama anahitaji wiki 10 hadi 12. Kimbia mara tatu au nne kwa wiki. Moja iwe ndefu, ikiongezeka kidogokidogo hadi kilomita 16 au 18, na hiyo ndefu kuliko zote iwe wiki tatu kabla ya mbio. Moja iwe ya vilima. Kampala haina uhaba, panda Naguru, shuka, panda Kololo. Zilizobaki ziwe za polepole kiasi cha kuweza kuzungumza sentensi nzima. Wengi tunakimbia hizi za polepole kwa kasi mno, ndiyo maana tunachoka kabla siku yenyewe haijafika.

Joto linahitaji somo lake. Mwili huchukua kama siku 10 hadi 14 kulizoea: jasho huanza mapema zaidi na moyo hupunguza mapigo yake kwa kazi ileile. Kama kawaida yako ni kukimbia saa kumi na moja alfajiri kabla ya foleni, basi wiki mbili za mwisho hamisha mbio mbili tatu ziwe saa nne asubuhi au saa kumi jioni. Utakimbia polepole zaidi, na ndivyo inavyotakiwa. Beba maji.

Kasi yako ipigie hesabu mapema. Dakika 6 kwa kilomita ni saa 2, dakika 6 na sekunde 35. Dakika 6 na nusu ni saa 2 na dakika 17. Dakika 7 ni saa 2 na dakika 27 na ushee. Chukua kasi uliyokimbia nayo mbio zako ndefu, si ile ya ndoto. Mganda mwenzetu Jacob Kiplimo alikimbia nusu marathoni kwa dakika 57 na sekunde 31 mjini Lisbon mwaka 2021, chini ya dakika 2 na sekunde 45 kwa kila kilomita. Wewe wa dakika 6, yeye akivuka utepe, hujafika hata kilomita ya 10. Basi usimfuate mtu yeyote aliyevaa bukta fupi kuliko yako.

Raba mpya? Zinunue mwezi mzima kabla, uzikimbilie angalau kilomita 50 au 60. Kucha za miguu zikate Jumanne au Jumatano, si Ijumaa usiku. Ukikata nyama kidogo, uipe siku za kupona.

Njia ya kufika

Kutoka Kampala barabara ni mbili. Ya kwanza ni Mityana, Mubende, Kyenjojo, Fort Portal, kisha Kasese, kilomita 370 hivi. Ya pili inapita Masaka, Mbarara na Ishaka, inateremka Kichwamba, inakata hifadhi ya Queen Elizabeth na kuvuka daraja la Katunguru, kilomita 430 hivi. Nenda kwa ya kwanza, urudi kwa ya pili. Ya kwanza ni fupi na haina kishawishi kikubwa cha kusimama. Ya pili ina vivutio vyote, na vivutio tumeviweka Jumapili.

Ukiweza kuchukua ruhusa ya kazi, safiri Alhamisi. Siku nzima ya kupumzika kati ya safari na mbio haina mbadala. Kama ni Ijumaa, ondoka Kampala saa kumi na mbili asubuhi, si "baada ya kumalizia kitu kidogo ofisini". Hicho kitu kidogo ndicho kinachowafikisha watu Kasese saa nne usiku. Kila baada ya saa mbili simameni dakika kumi, mtembee, mnyooshe nyonga. Mubende ni mahali pazuri pa kusimama, na vyoo vipo kwenye vituo vya mafuta. Chakula cha njiani kiwe kile ulichofunga mwenyewe, au ndizi mbivu na maji ya chupa. Mchomo, yaani nyama choma, wa pembezoni mwa barabara unanukia vizuri sana. Subiri Jumapili.

Wa basi: mabasi ya Link huenda Kasese kutoka Kampala. Chukua la mapema, kaa kiti cha pembeni ya njia ili unyooshe mguu, na begi lenye raba na nguo za mbio likae mapajani, lisiwekwe buti. Mzigo mwingine ukipotea utanunua. Raba ulizozoea hazinunuliki Kasese Ijumaa jioni.

Anayetoka Bukoba au Mwanza kwa mpaka wa Mutukula hana haja ya kwenda Kampala. Akifika Masaka akunje kushoto kuelekea Mbarara, anakuwa ameokoa saa kadhaa. Anayetoka Beni au Butembo akivuka Mpondwe amebakiwa na saa moja na kitu tu, lakini aache muda wa kutosha mpakani, maana upimaji wa afya huweza kuchelewesha. Wakenya na Wanyarwanda huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Watanzania na Wakongo wawe na hati ya kusafiria. Wote wabebe kadi ya chanjo ya homa ya manjano, hata kama mara ya mwisho hakuna aliyeiuliza.

Ijumaa jioni

Ukifika, kachukue namba yako kwanza, kabla hata ya kuoga. Foleni hurefuka kadiri jioni inavyokaribia, na kama jina limeandikwa vibaya au umepewa umbali usio wako, bado kuna mtu wa kurekebisha. Kagua palepale: namba, umbali, kifaa cha kupimia muda, pini nne. Baadhi ya miaka mbio hutoa namba mapema Kampala pia. Soma tangazo la mwaka wako, na kama unaweza kuchukulia huko, chukua.

Kisha tembea, usiende kwa bodaboda, hadi mstari wa kuanzia. Saa yako ihesabu. Angalia pa kuacha gari, vyoo viko wapi, na ni barabara zipi zitafungwa asubuhi. Ukitaka kulegeza miguu, kimbia dakika 15 mjini. Usielekee upande wa hifadhi eti kwa ajili ya picha. Barabara ile ina nyati na tembo, na jioni ndiyo saa yao.

Chakula cha jioni kiwe saa kumi na mbili au saa moja, na kiwe cha wanga uliouzoea: wali, matoke, viazi, posho (ugali), na kipande cha kuku au samaki. Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu Kasese ina vyakula vitamu. Kuna bundu, ugali wa muhogo wa Wakonzo, na sombe, yaani kisamvu, na sato wa Ziwa George anayekuja mzima kwenye sinia. Vyote hivyo ni vya Jumamosi jioni. Maharage, kabichi, pilipili na maziwa mengi viache pia, na tumbo lako litakushukuru kilomita ya 15 pasipo na choo. Bia ya bure ikigawiwa, na huwa inagawiwa, muombe rafiki akuwekee.

Sasa tandaza vitu vyako kitandani. Bandika namba kwenye fulana usiku huohuo: lala chali, iweke fulana kifuani, mwenzako aitie pini kona zote nne, pini iingie kwenye karatasi na kutoka kwenye karatasi, isishike kitambaa mara moja tu, maana namba iliyoshikwa vibaya hupepea na kukukwaruza tumbo saa mbili nzima. Soksi ulizowahi kuzikimbilia. Mafuta mazito ya kujipaka mapajani, kwapani na vidoleni. Wanaume wabandike plasta kwenye chuchu; anayecheka ushauri huu hajawahi kuoga baada ya kilomita 21 na fulana iliyolowa. Tishu, noti ndogo, kofia. Fulana mpya uliyopewa na waandaaji ni nzuri kwa picha, lakini kitambaa chake hukijui; kimbia na yako ya zamani.

Jambo la mwisho usiku huo ni kifungua kinywa. Hoteli nyingi huanza kukiandaa saa moja asubuhi, na saa hiyo wewe uko barabarani. Waombe wakujazie chupa ya chai au maji ya moto Ijumaa usiku. Mkate, siagi ya karanga na ndizi uwe navyo chumbani. Na mpatane na mtu wa bodaboda kama utamhitaji: chukua namba yake, mwambie saa, mlipe akifika.

Mwelewane saa, lakini. Tangazo la mbio hutumia hesabu ya Kizungu na mtu wa boda hutumia yako. "Saa kumi na moja na nusu asubuhi," mwambie, umrudishie na aikariri.

Hutalala vizuri. Hilo ni la kawaida na halidhuru. Usingizi unaohesabika zaidi ni wa Alhamisi.

Jumamosi: mbio zenyewe

Amka saa mbili na nusu au tatu kabla ya kuanza. Kula, kunywa nusu lita ya maji au chai kidogokidogo, nenda chooni, ulale tena dakika ishirini kama unaweza. Kasese iko magharibi sana kwenye majira yetu ya Afrika Mashariki, hivyo jua huchomoza karibu saa moja kamili, zaidi ya nusu saa baada ya Mombasa. Ukifika uwanjani kutakuwa giza na ubaridi mtamu. Usiuamini. Utakimbia nusu ya kwanza kwenye hali ya hewa moja na nusu ya pili kwenye nyingine.

Jipange nyuma kidogo ya unapodhani unastahili. Kilomita tatu za mwanzo zikimbie polepole kuliko kasi yako uliyoipanga, sekunde 10 au 15 kwa kila kilomita. Watakupita wengi, wakiwemo vijana wa shule waliovaa ndala na wazee waliovaa suruali ndefu. Waache. Wengine utawakuta kilomita ya 14 wametembea. Wengine hutawaona tena, na hilo nalo halikuhusu.

Kwenye kila kituo cha maji chukua, hata kama huna kiu, lakini mafunda mawili matatu tu, yaliyobaki jimwagie kichwani na shingoni. Kunywa kupita kiasi ni hatari sawa na kutokunywa. Maji mengi mno hupunguza chumvi ya damu, na mtu huanza kuumwa kichwa, kutapika na kuchanganyikiwa. Ukiwa unatoka jasho jingi, yeyusha pakiti ya chumvi za kuongeza maji mwilini, zinazouzwa kila duka la dawa, kwenye chupa ndogo ukimbie nayo. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni usimeze kabla ya mbio wala katikati. Figo zako tayari ziko kazini kwa joto na upungufu wa maji, na dawa hizo hupunguza damu inayozifikia.

Ukihisi vipele vya baridi ilhali jua linawaka, ukaacha kutoka jasho, ukaanza kuyumba au kusahau uko kilomita ya ngapi, simama. Kaa kivulini, mwite mtu wa msalaba mwekundu au mtazamaji yeyote, jimwagie maji. Medali ya mwaka huu si ya mwisho kutengenezwa.

Kilomita ya 16 ndiyo mbio zinapoanza kwa kweli. Ukiwa umetunza nguvu, hapa ndipo pa kuzitumia, kidogokidogo. Tafuta mtu aliye mbele yako, mfikie, tafuta mwingine. Watoto wa pembeni watanyoosha mikono. Gusa ya wachache, furahi, ila usikimbie kutoka upande huu wa barabara hadi ule, maana hizo nazo ni mita.

Kabla ya hayo yote, panga na wenzako mtakapokutana: mti fulani, geti fulani, si "pale mwisho". Maelfu ya watu wakipiga simu kwa pamoja, mtandao hulemewa. Mwenzako asiyekimbia mpe kazi: funguo za gari, fulana kavu, ndala, chumvi na kipande cha mkate. Watoto waandikishe kilomita 5. Wataanza baadaye na watamaliza wakikutafuta.

Baada ya mstari wa kumalizia

Usikae chini. Endelea kutembea dakika 10 au 15, badili fulana iliyolowa, kunywa taratibu, na ndani ya saa moja kula kitu chenye wanga na protini. Rolex, yaani chapati ya mayai mawili na nyanya, iliyokunjwa palepale mbele yako, haina mpinzani duniani kwa kazi hii, nami siko tayari kubishana. Bia ikae baada ya chakula na baada ya kwenda haja ndogo mara moja yenye rangi ya kawaida.

Mito ya hapa hutoka milimani na ni baridi sana, na utaona watu wakitumbukiza miguu. Miguu tu, mahali wenyeji watakapokuonyesha, na kama mvua imenyesha juu milimani usisogee. Mto Nyamwamba umewahi kuhamisha mawe makubwa, nyumba na madaraja. Mei 2020 ulifurika na kuharibu hospitali ya Kilembe. Mchana lala. Jioni ndiyo sato, bundu na sombe, na muziki ule ulioukwepa jana.

Usiendeshe gari kurudi Kampala siku hiyo. Miguu iliyokakamaa haikanyagi breki kwa wepesi, na saa saba za kukaa bila kusogea baada ya kukosa maji ni njia ya kugandisha damu.

Jumapili: nchi yenyewe

Hapa watu hukosea kwa tamaa. Wanasikia kuna sokwe bonde la Kyambura, wanakata tiketi, wanakuta wanashuka na kupanda ukuta wa bonde kwa mapaja yanayotetemeka. Vilevile matembezi ya vilima vya Kilembe. Vitu vizuri, wikendi isiyo hii.

Chagua kitu utakachokifanya umekaa. Mfereji wa Kazinga unaunganisha Ziwa George na Ziwa Edward, na boti ya Mweya, ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, hukuzungusha kama saa mbili ukiwa kitini: viboko kwa makundi, nyati wamelala matopeni, mamba, na ndege wa kila rangi. Weka nafasi kabla ya wikendi. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha hifadhi kidogo sana kuliko mgeni wa ng'ambo, basi kitambulisho kiwe mfukoni, na ulipe kwa simu au kadi, usitegemee noti getini. Hifadhi yenyewe ilianzishwa 1952, ikapewa jina la Malkia Elizabeth baada ya ziara yake ya 1954.

Kama muda unaruhusu, Katwe haiko mbali na Mweya. Ni ziwa la chumvi ndani ya shimo la volkano, limegawanywa viwanja vidogovidogo kwa matuta ya udongo na miti, na chumvi inachimbwa kwa mkono kama ilivyochimbwa kwa karne nyingi. Mchukue kiongozi wa hapo kijijini. Wachimbaji husimama ndani ya maji makali yanayochoma ngozi. Baada ya kuwaona, malalamiko yako kuhusu malengelenge yatapungua. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha.

Njia ya kurudi inavuka ikweta mara mbili, Kikorongo ukitoka Kasese kabla hujafika Katunguru, na tena Kayabwe ukikaribia Kampala. Ndani ya hifadhi fuata kikomo cha mwendo, hata mabasi yakikupigia honi. Lukaya, kando ya barabara ya Masaka, ndipo ahadi ya Ijumaa inapolipwa: kuku wa kijiti na gonja (ndizi ya kuchoma) la moto kupitia dirishani.

Ondoka Mweya kabla ya saa sita mchana. Ukichelewa utaendesha usiku, na foleni ya Kyengera hadi Busega Jumapili jioni inaweza kukuweka muda mrefu kuliko nusu marathoni yenyewe. Jumatatu, ukiweza, iwe ya mapumziko. Ukishindwa, tembea dakika 20 wakati wa chakula cha mchana. Jumatano jaribu kushuka ngazi bila kushika ukuta. Ukiweza, kimbia dakika 20 taratibu. Ukishindwa, ngoja mpaka Ijumaa.